Kitumbua Nyuma ya Shingo ya Besi

Wiki chache zilizopita Neema alikuja kwangu hapa Tandika akiwa amefunga bandeji dole gumba la mkono wa kushoto, ananuka dawa ya kuchua toka getini. Huyu Neema ni mjukuu wa jirani yangu, anapiga gitaa la besi kwenye kwaya ya kanisa lao kule Mbagala.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani kakuvunja?"

"Hakuna aliyenivunja, bibi. Ni besi tu."

Nikacheka, maana mie besi ndiyo kazi iliyonizeesha, najua linavyoweza kumfanya mtu. Kisha akanieleza kilichomleta. Mwalimu wa kwaya kamwambia mkono wake mdogo, ndiyo maana unauma, na kuanzia mwezi ujao arudi kuimba sauti ya pili, besi apewe mvulana mmoja mwenye vidole virefu. Hapo kicheko kikaniishia. Nikamkalisha, nikamwekea chai, nikamsimulia yangu. Nilipomaliza akasema, "Bibi, haya uyaandike, wenzangu wengi wanaumia kimyakimya." Haya, nayaandika. Ila nyie vijana msome taratibu, msirukeruke kama mnavyofanya kwenye simu zenu.

Kwanza niliseme la hospitali nilimalize. Mie si daktari. Dole likivimba, likifa ganzi, au likikuuma hata siku ambayo hujagusa gitaa, weka gitaa chini uende ukapimwe. Na dawa ya kuchua si ruhusa ya kuendelea kupiga. Nimewaona wengi wanajipaka, wanapata joto, wanadhani wamepona, wanarudi kulipiga lile gitaa kwa hasira zaidi. Haya ninayosimulia ni ya mtu mzima wa afya ambaye dole linamuuma kwa sababu analionea.

Mie naitwa Mwanaidi. Nilikuwa kwenye bendi ya dansi. Mazoezi tulikuwa tunafanyia Temeke, Jumapili mchana tunapiga bonanza Kinondoni, watu wanakula nyama zao na watoto wanakimbizana katikati ya ukumbi. Niliingia kama mwimbaji wa kuitikia. Besi nilikuwaga nalidokoa tu, wenyewe wakienda kula mie nabaki nalo. Mpiga besi wetu alipohama mji, kiongozi akauliza nani anaweza kushikilia mpaka apatikane mtu. Nikanyoosha mkono. Mtu hakupatikana, maana mie sikutaka apatikane, kila aliyekuja kujaribu nilikuwa nishafika mapema nimeshaliunganisha gitaa na nimelivaa.

Nalipenda besi, na sioni aibu kulisema. Mwimbaji anatunzwa, mpiga solo anapigiwa miluzi, mpiga besi hakuna anayejua hata jina lake. Lakini linyamazishe kidogo tu uone. Watu wanapungua mwendo, wanatazamana, hawajui kimekosekana nini. Ukilirudisha, kiuno kinarudi mahali pake. Raha hiyo sikuwa tayari kumwachia mtu.

Sasa dole likaanza. Lilikuwa linauma pale kwenye nyama ya chini, panapokutana dole na kiganja. Mwanzo lilikuwa linauma nikishamaliza kupiga. Baadaye likawa linauma nikiwa napiga, wimbo wa tatu tu nishaanza kuuma meno. Mwisho nikawa siwezi hata kukuna nazi. Nikishika kifuu kwenye mbuzi mkono unakataa, nazi inaniponyoka inabingirika uwanjani, mama anapiga kelele kuku wasije kuila. Mpiga tumba wetu akaniambia nikande kwa maji ya mwarobaini. Nikakanda. Nilinuka mwarobaini bendi nzima ikanikimbia, na dole likaendelea kuuma vilevile.

Kiongozi wetu alikuwa anaitwa Hamisi, sie tukimwita Kiongozi tu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kazi yake, na alikuwa na masikio. Akaanza kusikia besi linachelewa.

"Mwanaidi, sauti unayo, uchangamfu unao. Rudi mbele ukaimbe."

"Na besi?"

"Atashika yule kijana, Rajabu. Ana mikono ya kubebea magunia."

"Besi si gunia, Kiongozi."

"Mkono wako mdogo, mama. Si kosa lako. Ndivyo ulivyoumbwa."

Iliniuma kuliko dole. Kuambiwa huna bidii unaweza kubisha. Kuambiwa ndivyo ulivyoumbwa, unabisha na nani?

Shauri la kwenda Mwenge lilikuwa lake mwenyewe Kiongozi. Alisema kama mkono hauwezi kukua basi shingo ya gitaa ipungue, na bendi nzima ikaona hapo pamesemwa. Pale Mwenge kwa wachonga vinyago tukampata fundi mmoja, Chilumba, ambaye mpingo mgumu kama chuma anaufanya ucheke. Gitaa hakuwahi kulishika. Akaipapasa shingo, akaigonga kwa ukucha, akasema, "Mbona huu mti laini kama papai?" Akaivua nyuzi, akaipunguza kwa nyuma taratibu, akaipiga msasa, mwisho akaipaka kiwi ya viatu kama wanavyopaka vinyago vyao. Jamani, iling'aa! Wenzangu wote walikuja kuipapasa. Siku za mwanzo dole langu likashangilia, nikadhani shida imekwisha.

Kitumbua kikaingia mchanga. Joto la mji huu mnalijua. Shingo ikaanza kupinda kidogo kidogo, ikawa upinde, nyuzi zikainuka juu hadi ungeweza kupitisha kidole chini yake. Ili noti itoke ilinibidi nibonyeze kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe. Dole likauma kuliko mwanzo. Fundi Chilumba simlaumu hata kidogo. Kinyago ukishakichonga kinakaa kimya mezani, hakivutwi na nyuzi nne usiku na mchana. Ule unene wa shingo ndio unaoshindana na nyuzi, na humo ndani umelazwa ufito wa chuma. Kwa hiyo wanangu, msikate shingo ya gitaa. Kama nyuzi ziko juu, mpelekeeni fundi wa magitaa azishushe zikaribie ubao. Hiyo peke yake inaweza kukuondolea nusu ya mateso.

Kiongozi alipoiona ile shingo aliipapasa, akaona haina dawa. Kisha akaingia stoo akatoka na besi la zamani, zito, limejaa vumbi, shingo yake kama mchi wa kinu.

"Hili alilipiga Mzee Salehe toka bendi inaanza mpaka anastaafu," akasema. "Sijawahi kumsikia akitaja dole. Sasa nisikilize, Mwanaidi. Mwezi wa mfungo unaingia, bendi haitapiga mpaka Idd. Idd Mosi tunazindua nyimbo mpya. Ijumaa ya mwisho ya mfungo nitakusikiliza mazoezini, nyimbo zote, bila kusimama. Dole likikataa, Rajabu anashika moja kwa moja na wewe unaimba. Tusije tukalaumiana."

Wale wasiozijua bendi zetu, niwaeleze. Mwezi mtukufu dansi linalala. Vyombo vinafunikwa, kila mtu anakaa na familia yake, na mazoezi yanafanywa mchana, bila mbwembwe, kwa ajili ya Idd. Kwa hiyo mfungo ule ndio uliokuwa nafasi yangu ya mwisho. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama. Akasema, "Si uimbe tu mwanangu, sauti haina gharama." Nikaingia chumbani nikalia hasa, kisha nikanawa uso nikaanza kuuliza Mzee Salehe anakaa wapi.

Alikuwa anakaa Kigamboni. Nikavuka kwa pantoni na lile besi mgongoni, nimefunga, koo limekauka, nikisema moyoni kwamba naenda kukutana na pande la mtu lenye viganja kama sahani. Nikapiga hodi. Akatoka mzee mfupi, kanzu imemshinda urefu, na mikono yake, wallahi, kama ya binti wa darasa la tano! Mkewe, Bi Saumu, aliniona ninavyoshangaa. Akatuambia tuweke viganja mezani, mie huku, mzee kule. Vidole vyangu vilikuwa virefu kuliko vyake.

"Haya, mkono mdogo ni upi?" Bi Saumu akauliza, akacheka mpaka akashika mbavu.

Kicheko kile kilinitoa mzigo. Nikamweleza mzee yote, pamoja na ya Mwenge. Aliposikia habari ya kiwi ya viatu alifumba macho akatikisa kichwa, ila hakunisema. Akaniambia nipige. Nikapiga. Nilipomaliza akaenda barazani alikokuwa mkewe anapika vitumbua vya kuuza kwa watu wa kufuturu, akarudi na kimoja kwenye karatasi.

"Kiweke hapa, kati ya dole lako na shingo."

"Mzee, nimefunga."

"Nani kakwambia ule?"

Nikakiweka. Nikaanza kupiga wimbo wetu mmoja mwepesi kabisa, na kabla ya kiitikio kitumbua kilikuwa ugali. Mafuta yanatiririka kwenye kifundo cha mkono, harufu ya nazi na iliki inanipanda puani, na magharibi iko mbali.

"Umeona?" akasema. "Hivyo ndivyo unavyolifanya hilo dole kila siku. Lenyewe lingekuwa na mdomo lingekuwa limeshakushtaki."

"Na vitumbua vyangu je?" Bi Saumu akaita toka barazani. "Mtanimalizia biashara!"

Tukaelewana tutumie vilivyoungua. Mara nyingi katika mfungo ule nilivuka kwenda Kigamboni, na vile nilivyovibonda nilivichukua kwenda navyo nyumbani tukafuturia. Mama akawa ananiuliza hivi vitumbua mnavipika au mnavikanyaga.

Sasa sikilizeni alichonifundisha, maana hapa ndipo penye kazi yenyewe.

La kwanza aliniambia niliondoe dole kabisa. Lining'inie tu hewani, nipige bila hilo. Nikasema haiwezekani, shingo itaanguka. Akasema, "Mkono wa kulia umeulaza wapi?" Nilikuwa nimeulaza juu ya mwili wa gitaa. "Basi huo ndio unaolishika gitaa kifuani. Na huu wa kushoto, acha uzito wa mkono wako mzima toka kiwiko uvute vidole nyuma." Nikajaribu. Noti zikatoka! Si kwa uzuri, lakini zikatoka. Siku hiyo nikajua kwamba dole si koleo. Liko pale kumwonyesha mkono njia, basi. Jaribuni hata leo, kaeni kwenye kiti mpige kidogo bila dole, mtaona wenyewe nani amekuwa anafanya kazi isiyo yake.

Kisha akalirudisha dole na kulionyesha makazi yake. Likae nyuma ya shingo, likitazamana na kidole cha kati, liguse kwa ile nyama ya mbele na si kwa ncha, na lisichungulie juu kama jirani mbeya. Kifundo cha mkono kinyooke. Kifundo kikipinda sana, mishipa yote inayopita hapo inabanwa, halafu unalaumu dole.

Tena nilikuwa nabonyeza uzi katikati ya nafasi, mbali na vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo kwa juu. Akanisogeza vidole mpaka ubavuni kwa chuma, karibu kabisa bila kukikalia. Nguvu niliyokuwa natumia ikapungua hapohapo. Akanifundisha pia kuipima hiyo nguvu. Unagusa uzi kama unagusa shavu la mtoto aliyelala, unapiga, hautoi kitu. Unaongeza kidogo, unakoroma. Unaongeza kidogo tena, unatoka safi. Hapo ndipo mwisho. Ukibonyeza zaidi ya hapo unamkomoa nani?

Na habari ya mkanda. Enzi zetu mpiga besi aliyejisikia alikuwa anaulegeza mkanda mpaka gitaa linagonga magoti, na mie nilikuwa sitaki kupitwa. Tatizo ni kwamba nyumbani nafanya mazoezi nimekaa, gitaa liko tumboni, nikisimama jukwaani linashuka huko chini, mkono unapinda kulifuata na dole linajikunja kama ndoano. Mzee akanikalisha, akaukaza mkanda nikiwa nimekaa, akaniambia nisimame. Gitaa likabaki palepale.

"Mzee, mbona liko juu hivi kama mtoto wa kubembelezwa?"

"Unataka kupendeza au kupiga?"

"Vyote viwili."

"Basi anza na kupiga."

La mwisho, mkono ukiwa mdogo usiutanue kwa nguvu. Kule chini karibu na kichwa cha gitaa nafasi ni pana, usitake kuzifikia zote bila kuhama. Hamisha mkono mzima, si vidole peke yake. Dole nalo lihame na wenzake, lisibaki limeng'ang'ania nyuma. Na kwenye wimbo tafuta pale penye uzi mtupu, usiobonyezwa, mkono upumue hapo. Mzee Salehe alikuwa anapumzika katikati ya wimbo na hakuna mchezaji aliyewahi kujua.

Basi nikafika mahali napiga nyimbo zote barazani Kigamboni na kitumbua hakina hata alama. Nikarudi mazoezini Temeke kifua mbele. Dramu ikaingia, tumba zikaingia, solo na rizimu zikaingia. Wimbo wa pili dole likaanza kukamata. Wa nne likawa koleo lilelile. Nikapiga kwa maumivu mpaka machozi yananilenga, na Rajabu amekaa kwenye benchi ananitazama kwa huruma. Huruma yake ndiyo iliyonikera zaidi, maana alikuwa kijana mwema, nikakosa hata mtu wa kumchukia.

Nikavuka tena. Nikamwambia Mzee Salehe mie basi, kwako naweza, kwa watu siwezi, pengine kweli ndivyo nilivyoumbwa. Akasonya. Kesho yake akaja Temeke mwenyewe, kanzu na bakora.

Alisimama kando yangu tukiwa tunapiga. Mkono wangu hakuutazama kabisa. Alikuwa anaitazama spika ya besi, ambayo siku zote ilikaa sakafuni nyuma ya dramu. Wimbo ulipokwisha akaniinamia.

"Besi lako unalisikia?"

"Nalisikia kwa mbali, mzee. Linapita chini miguuni."

"Basi. Mtu asiyesikika hupayuka. Wewe unapayuka kwa dole."

Kweli kabisa! Kila vyombo vilipopanda, mie nilikuwa naminya shingo, mwili unadhani nikiminya sana nitasikika. Na kuminya hakuongezi sauti hata chembe. Sauti ya besi inatoka kwenye vidole vya kulia na kwenye spika, mkono wa kushoto ukibana mpaka damu ikimbie noti ni ileile.

Mzee akaagiza kreti tupu za soda nyuma ya ukumbi. Akazipandanisha, tukaibeba ile spika tukaiweka juu yake, akaigeuza mdomo ukaelekea sikioni kwangu. Kiongozi akalalamika kwamba jukwaa limekuwa kama ghala. Nikapiga noti ya kwanza, ikanijia nzito na safi, mie na besi langu kama tumekaa chumba kimoja. Dole likaachia lenyewe. Sikuliambia. Lilifunguka tu, na mie nikacheka peke yangu kwa sauti, wakadhani saumu imenipanda kichwani.

Kwa hiyo, wanangu, kabla hujalilaumu dole, jiulize unajisikia kwa kiasi gani kwenye hizo kelele. Siku hizi mna vile vya kuweka masikioni, mna mitambo mizuri, lakini nikipita makanisani na kwenye maharusi naona bado spika ya besi imelala sakafuni inawahubiria viatu. Iinueni. Ombeni fundi mitambo awaongezee sauti yenu. Msione haya.

Ijumaa ya mwisho ikafika. Alasiri ukumbi umefungwa mapazia, bendi nzima iko kwenye saumu, midomo imekauka. Mzee Salehe alikaa kwenye kiti karibu na mlango, mfuko mdogo mapajani. Kiongozi hakuwa na mchezo. Wimbo ukiisha anahesabu mwingine, hakuna kunyoosha vidole, hakuna kupumua. Nami nikapumua ndani ya nyimbo kama nilivyofundishwa. Ukafika wimbo wa mwisho, ule mrefu, wenye sebene la kuchezesha watu, ambapo besi linazunguka palepale bila kuhama, na hapo ndipo wapiga besi wengi wanapofia.

Sebene lilipoingia tu, Mzee Salehe akainuka. Akaja mpaka kwangu, akatoa kitumbua mfukoni, akakichomeka kati ya dole langu na shingo, akarudi kukaa. Kiongozi akakiona. Akanitazama, akamtazama mzee, akainua mkono kuashiria sebene liendelee. Na likaendelea. Waimbaji wakamaliza maneno yao, likaendelea. Mpiga solo akarudia vionjo vyote anavyovijua akaanza kuazima vya wengine, likaendelea. Jasho linaniingia machoni, njaa imenishika, na harufu ya kile kitumbua iko hapa hapa. Nilikuwa naogopa, nisiseme uongo. Lakini mkono ulikuwa mwepesi. Niliisikia kila noti na wala sikuwa na sababu ya kuibana shingo.

Adhana ya magharibi ikalia msikiti wa mtaani. Kiongozi akashusha mkono, vyombo vikanyamaza vyote. Akaja taratibu, akapitisha mkono nyuma ya shingo ya besi, akakitoa kile kitumbua. Akakigeuza upande huu, akakigeuza upande ule. Kizima.

"Bismillahi," akasema, akakiuma. Akatafuna mpaka akamaliza, akajifuta mafuta mdomoni, kisha akageukia benchi.

"Rajabu, jiandae. Idd Mosi utaitikia."

Rajabu sauti hakuwa nayo hata ya kuuzia maji, ila ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipigia makofi. Mie nikakaa juu ya kreti ya soda nikalia mbele za watu wote, na tende nilizoletewa nikazila na machozi yangu.

Nilipiga besi mpaka nilipostaafu, na dole halikunistaafisha. Magoti ndiyo yaliyonitoa, kwa kusimama. Mpaka leo nakuna nazi mwenyewe.

Neema nilimpumzisha kwanza mpaka uchungu ukaisha, bandeji tukaitupa. Mkanda wake tukaukaza. Kisha nikawa napika vitumbua kila Jumamosi, na yeye anavibonda, na wajukuu zangu wanavila vikiwa chapati. Jana alikuja na spika yake ndogo, nikamwekea juu ya meza isogee sikioni. Akapiga wimbo wa kwaya wote, wenye beti zote. Alipomaliza akatoa mkono polepole, akakitazama kitumbua, akapiga ukelele.

"Bibi! Kizima!"

"Basi ukile, kinapoa."

"Sikili, bibi. Nampelekea mwalimu."

Nikamfungia kwenye karatasi. Nikamwongezea na kingine kipya, cha moto. Hicho mwalimu akiweke nyuma ya shingo ya besi yeye mwenyewe, kwa mkono wake huo mkubwa, tuone.